Dume Atoke Kabla ya Siku ya Hamsini

Maneno niliyoyasema mbele ya wafugaji wenzangu wa simbilisi (guinea pig), Ipagala, Dodoma, yameandikwa karibu kama yalivyotoka.

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wetu wa mtaa, bwana afisa mifugo wa kata, mama zangu, wafugaji wenzangu, na nyie wanafunzi mliokaa kwenye mkeka pale mbele, habari za asubuhi. Itifaki iliyobaki naomba mnisamehe, maana jua la Oktoba mnalijua, saa tano halitatuacha hapa chini ya mwarobaini.

Nimeombwa niseme juu ya simbilisi wanaoumizana bandani, hasa pale mmoja wao akiwa na mimba. Mimi si daktari wa mifugo. Ni fundi cherehani, nafuga simbilisi tangu 2016, nilipopewa watatu na shemeji yangu aliyetoka Njombe, ambako mnyama huyu wamemzoea kuliko sisi. Nitakayosema, mengi nimeyajua kwa hasara, na hasara kubwa kuliko zote ilikuwa Nyange.

Nyange alikuwa jike mweupe mwenye doa jeusi jichoni. Watoto wangu ndio waliompa jina. Mwaka 2018, mwezi kama huu, alikuwa na mimba ya wiki ya nane, tumbo limemjaa pande zote mbili mpaka akitembea linakaribia sakafu. Siku hiyo nikarudi nyumbani na simbilisi wawili wapya, dume na jike, nimewapata kwa bei nzuri, nina furaha. Jioni nikawatia banda lile lile. Nikasema watazoeana. Nikafunga mlango, nikalala.

Usiku nilisikia meno. Wafugaji mnaujua mlio ule, kama mtu anagonganisha kokoto mbili haraka haraka. Nikasema ni kelele zao tu, nikageukia upande wa pili. Asubuhi manyoya meupe yametapakaa bandani, dume wangu wa zamani ana tundu puani, na Nyange amejibana ndani ya boksi lenye mlango mmoja. Sikio limechanika. Kwenye paja la nyuma kulikuwa na matundu mawili madogo, ukiyatazama unasema hiki si kitu.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Nikaeleza. Nikapewa dawa ya sindano, ile ya njano tunayowachoma ng'ombe na mbuzi, nikaambiwa nimchome kidogo tu kwa kuwa ni mnyama mdogo. Nikafanya hivyo. Siku ya pili aliacha majani. Siku ya tatu akaanza kuharisha maji matupu. Siku ya nne alfajiri nikamkuta amekufa, mwili bado una joto. Mtaalamu mmoja alimpasua mbele yangu ili tujue. Ndani kulikuwa na watoto watatu. Wana manyoya. Wana kucha. Mmoja mdomo ulikuwa wazi kidogo, nikaona meno. Nilikuwa sijajua kwamba mtoto wa simbilisi anazaliwa akiwa amekamilika hivyo, macho yamefumbuka, na kesho yake anatafuna majani pamoja na mama yake. Wale watatu walikuwa wamebakiza siku chache.

Muuzaji wa dawa sikugombana naye. Nilimpelekea swali la mbuzi, akanipa jibu la mbuzi. Lakini tangu siku ile nimeuliza kila mtaalamu niliyekutana naye, na jambo lenyewe liko hivi. Tumbo la simbilisi linasaga majani kwa msaada wa vijidudu vizuri vinavyoishi humo. Dawa kama penisilini, ampisilini, amoksilini, oksitetrasaiklini na erithromaisini, ambazo kwa mifugo mingine ni za kawaida kabisa, kwake zinaua vijidudu vile. Vikishakufa, vile vibaya vinatanuka, vinatoa sumu, mnyama anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo Nyange hakuuawa na matundu mawili pajani. Niliyemmaliza ni mimi, kwa bomba la sindano, na nia yangu ilikuwa njema kabisa.

Dawa za kumfaa zipo, na daktari wa mifugo anazijua. Ukienda kwake taja maneno yote mawili: simbilisi, tena mwenye mimba. Usiseme "mnyama mdogo" wala "kama sungura". Na ile dawa ya kupulizia kidondani yenye rangi ya bluu au zambarau, iacheni kwa mbuzi. Simbilisi anajilamba, na wenzake wanamlamba, kwa hiyo kila unachompaka nje kinaishia tumboni. Dawa ya kupe ya ng'ombe ndiyo usiithubutu kabisa.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa nini wanapigana.

Wengine hapa mnawaita pimbi. Pimbi ni yule wa kwenye majabali, mwenyeji wetu. Huyu asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, Peru na Bolivia, ambako watu wamemfuga kwa ajili ya nyama kwa maelfu ya miaka. Ni mnyama wa ukoo: dume mmoja, majike kadhaa, watoto, na kila mmoja anajua nafasi yake. Ndiyo maana ukimsikia dume ananguruma huku anayumbisha kiuno, hiyo ni lugha tu, anajitambulisha. Jike akimrushia mkojo dume anayemsumbua, hiyo nayo ni lugha, anamwambia aondoke. Kusukumana, kupandana, kuinua kidevu, yote hayo usiyaingilie. Ugomvi wenyewe una dalili zake: meno yanagongana bila kukoma, manyoya ya shingoni yamesimama, wanafunua vinywa kuonyeshana meno, kisha wanarukiana. Ukiona hivyo usingoje. Na damu ikishatoka, wale wawili usiwarudishe pamoja jioni ile ile kwa kuwaonea huruma.

Mimba inaleta nini hapo katikati? Jike mwenye mimba kubwa ni mzito, anachoka, hataki kupandwa. Dume haelewi. Anamfuata huku na huku, naye anageuka na kumng'ata usoni, ndiyo maana mara nyingi unamkuta dume ndiye mwenye kidonda puani. Kama madume ni wawili, basi jike yule anakuwa uwanja wao wa vita. Halafu kuna jambo ambalo wengi tuliokaa hapa hatukuambiwa wakati tunaanza: jike akishazaa, ndani ya saa chache tu, siku ile ile, yuko tayari kushika mimba nyingine. Dume analijua hilo kabla yako. Atamkimbiza mama aliyetoka kuzaa, miguu inakanyaga watoto, na mama anabeba mimba juu ya uchovu. Ukimkuta mtoto amekufa bandani na hana alama ya meno, mara nyingi amekanyagwa.

Kwa hiyo hesabuni siku. Mimba ya simbilisi inachukua siku 59 hadi 72, wengi wanazaa kati ya 65 na 70. Siku unayomwingiza dume, iandike. Mimi naandika kwa chaki ya fundi kwenye mlango wa banda. Siku ya 50 dume anatoka, hata niwe na nguo za harusi za kushona, anatoka. Kama hujui tarehe, mtoe siku unayoliona tumbo. Na watoto wa kiume wakifika wiki tatu watenge na mama yao na dada zao. Wanaonekana wadogo, lakini wanaweza kupanda, na wakifika miezi miwili mitatu wanaanza kugombana wao kwa wao. Nusu ya ugomvi ninaoitiwa mitaani, nikiuliza, kumbe mwenye banda hajawahi kuwageuza watoto aone yupi dume yupi jike.

Banda nalo linachochea. Boksi la kujificha likiwa na mlango mmoja ni mtego, kama lilivyokuwa kwa Nyange. Toboeni milango miwili, anayefukuzwa aingilie huku atokee kule. Majani yawekeni sehemu mbili tatu, siyo rundo moja ambalo mbabe analikalia. Maji vivyo hivyo. Na mgeni yeyote kutoka sokoni asiingie kwenye banda lenye jike mwenye mimba, hata awe mpole namna gani. Majike wawili wenye mimba waliokua pamoja hawana shida, tena wakizaa wananyonyesheana watoto. Shida ni mgeni.

Basi umechelewa, umewakuta wameshikana. Mkono usiingie! Meno yale yanatoboa kidole mpaka ndani, na simbilisi aliyepandwa na hasira hakujui wewe ni nani. Tupia khanga nzito au taulo juu yao, ingiza ubao au ungo katikati. Kisha mtoe mchokozi. Hapa watu wengi tunakosea: tunamhurumia aliyeumizwa, tunambeba yeye, tunampeleka mahali pageni. Mwenye mimba mwacheni kwenye harufu yake, anayehamishwa awe dume au yule mgeni. Kumshtua mara ya pili ni kumwongezea hatari ya kuharibu mimba.

Ukilazimika kumwinua, kiganja kimoja chini ya kifua, kingine chini ya makalio, mgongo wake uegemee kifua chako. Usimshike kiunoni, usimbane tumbo. Wiki mbili za mwisho mimi simwinui kabisa. Namlazia boksi kwa ubavu, naweka jani la matembele ndani, anaingia kwa miguu yake.

Mkague taratibu. Kidonda cha meno ya simbilisi kinajificha chini ya manyoya, kwa hiyo pitisha kidole kinyume na manyoya, au puliza. Masikio, midomo, macho, mgongo, makalio. Kisha tazama sehemu ya uzazi. Damu ikitoka huko, au usaha, acheni habari ya kidonda, huyo ni wa daktari sasa hivi. Hali kadhalika jicho lililotoboka, tundu la tumboni, kidonda kilichopanuka ukaona nyama, au mnyama anahema kwa shida.

Kidonda kidogo unakitibu nyumbani. Damu kwanza: kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano, bila kufunuafunua kuchungulia. Halafu nakata manyoya pembeni kwa mkasi wangu mdogo wa nyuzi, ninaouchemsha. Maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita, na chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kisijae. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, suuza tundu mpaka maji yanayotoka yawe safi. Asubuhi na jioni. Usitie spiriti, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Mimi kazi yangu ni kushona, lakini tundu la meno silishoni na wala silizibi. Likijifunga juu huku uchafu uko ndani, baada ya wiki moja au mbili unagusa uvimbe, ni jipu, lina usaha mzito kama jibini. Hilo asilitumbue mtu nyumbani kwa wembe. Na kwa nzi hawa wetu wa mwezi huu, funikeni banda kwa chandarua kuukuu, kidonda kilichoachwa wazi kinatiwa funza haraka sana.

Hayo yote mtayaweza. Ninaloomba mlikazie akili ni siku tatu zinazofuata.

Simbilisi haachi kula. Tumbo lake limeumbwa kupokea majani mchana na usiku, na likisimama, linakwama. Sasa mwenye mimba akiacha kula kwa maumivu au hofu, kuna watoto ndani wanaodai chakula. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa haraka kuliko ini linavyoweza, damu inajaa asidi. Wataalamu wanaiita sumu ya mimba. Inakuja zaidi wiki mbili za mwisho na wiki ya kwanza baada ya kuzaa, na majike wanene ndio wanaoangushwa upesi. Utamwona amejikunja kama mpira, manyoya yamesimama, hasogei hata ukimletea hoho. Pumzi yake inaweza kunuka kama kile kimiminika cha kufutia rangi ya kucha. Kutoka hapo mpaka kufa inaweza kuwa siku moja tu.

Kwa hiyo baada ya ugomvi mimi sihesabu vidonda, nahesabu kinyesi na gramu. Ninao mzani mdogo wa jikoni. Mwenye mimba kila siku anatakiwa aongezeke au abaki pale pale, akipungua kuna neno. Akipitisha saa 12 hajagusa kitu, mpigie daktari, na wakati unamngoja mlishe wewe: matembele na majani mateke yaliyotwangwa laini kwenye kinu, maji kidogo, bomba la sindano, pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, ukimwacha atafune. Usiinue kichwa juu, atapaliwa.

Na vitamini C. Ng'ombe anajitengenezea, mbuzi anajitengenezea, kuku pia. Simbilisi hawezi, kama sisi binadamu. Akiikosa, kidonda hakifungi, fizi zinatoka damu, viungo vinauma. Mwenye mimba anahitaji zaidi ya wengine. Sasa fikirini Dodoma yetu: mvua zinakatika Aprili au Mei, na mpaka Desemba majani yote ya porini ni makavu. Simbilisi anayekula nyasi kavu na pumba tu kuanzia Julai, ifikapo Oktoba mwili wake hauna cha kuponeshea jeraha. Mpeni hoho, mapera, majani mabichi kila siku. Ukikosa kabisa, robo ya kidonge cha vitamini C cha miligramu 100, kile kisicho na sukari, kisagwe umpe mdomoni. Usikitie kwenye maji ya kunywa, nguvu yake inapotea humo.

Nakumbusha kidogo kwa ndugu zetu wa mashamba ya zabibu: majani ya mzabibu wanayapenda, lakini kama umepuliza dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa majani, usiwape. Na pumba yenye ukungu imwageni. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ilishaua watu Chemba na Kondoa mwaka 2016, na simbilisi ni dhaifu kwa sumu ile.

Joto nalo. Huyu ni mnyama wa mlima wenye baridi. Likipita nyuzi 27 hivi anaanza kuteseka, na mwenye mimba anateseka maradufu. Banda la bati lisilo na dari saa nane mchana ni tanuri. Tandikeni nyasi juu ya bati, ning'inizeni gunia lililolowa upande wa upepo.

Mama mmoja hapo nyuma ameniuliza wakati tunaingia: nimtenge peke yake mpaka lini? Mama yangu, peke yake kabisa usimweke. Mnyama wa ukoo akikosa kusikia wenzake anaacha kula. Mimi natumia waya wa kuku katikati ya banda, wanaonana na kunusana bila kugusana. Kama ana rafiki, jike mpole waliyekua pamoja, mwache naye. Dume harudi kabla watoto hawajafika wiki tatu na kutengwa, na mama ukimpumzisha zaidi ya hapo unamtendea wema. Yule jike mgeni, kama ndiye aliyeng'ata, wakutanishe baada ya hapo mahali ambapo si kwa yeyote kati yao, uani, majani yametawanywa pengi, wewe umekaa na kigoda chako unatazama kwa saa nzima. Meno yakianza kugongana, watenganishe. Wapo ambao hawatakaa pamoja maisha yao yote, hao wajengee vyumba viwili.

Nyie wanafunzi mmeniangalia sana hili tenga, na mnataka kujua kuna nini. Humu yumo Tunu. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na mimba ya siku 52, alichanwa na dume niliyechelewa kumtoa kwa siku mbili tatu tu, maana nilikuwa msibani Kongwa. Kidonda kilikuwa hapa juu ya paja, urefu wa kucha ya dole gumba. Nilimtoa dume, nikamsuuza kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, daktari akaja kumwona, na usiku mbili za kwanza niliamka kila baada ya saa tatu kumlisha kwa bomba. Siku ya 67 alizaa watoto wanne. Mmoja alizaliwa amekufa. Watatu waliishi, na jike mmoja kati yao leo ana wajukuu kwenye mabanda ya baadhi yenu.

Hana mimba sasa, ndiyo maana nimethubutu kumleta kwenye mkusanyiko. Njooni wawili wawili, mmenawa mikono. Msimwinue. Shikeni kipande hiki cha hoho, kiwekeni mlangoni mwa tenga mkae kimya, atatoka mwenyewe. Akishaanza kula, pitisheni kidole taratibu juu ya paja la kulia kinyume na manyoya, mtalikuta kovu.